Om na Ng'ombe wa Bibi

Nilipokuwa mtoto Bariadi, maziwa ya ng'ombe wetu yalikuwa na miiko mingi, na mmoja aliutunga bibi yangu mwenyewe. Ilikuwa miaka ile wafanyabiashara binafsi waliporuhusiwa kununua pamba, na sabuni ikarudi madukani. Familia moja ya Kihindu ilifungua duka jirani, nami niliwapelekea maziwa kila asubuhi kabla ya shule. Saa hiyo Mama Jyoti, mwenye duka, alikuwa kwenye sala yake ya Om: sauti ndefu, nzito, niliyoisikia kifuani nikiwa bado nje.

"Hiyo inaita wafu wao," Bibi alisema. "Usivuke kizingiti na maziwa ikiwa inalia. Ng'ombe atakauka."

Nilikuwa nasubiri nje. Siku moja tulikuwa na mtihani, nikaingia sala ikiendelea. Jioni nikaungama. Bibi hakunichapa. Alikwenda kukamua kimya, akiwa ameibana midomo, ili sauti ile isipate pa kuingilia. Na huyu ndiye aliyezoea kumvumia ng'ombe tangu anapochuchumaa hadi kibuyu kijae.

Kesho yake tulipata kikombe kimoja. Siku iliyofuata, hatukupata hata tone. Mdogo wangu Masanja alikuwa ametoka kuachishwa ziwa, na maziwa yale ndiyo yaliyokuwa chakula chake. Alilia mchana kutwa, nami nikaamini nimemuua.

Asubuhi yake Bibi alinishika mkono hadi dukani.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, maana salamu haikosi hata kwa mshitakiwa. "Sauti yako imemkausha ng'ombe wangu."

Mama Jyoti aliacha kupima sukari. "Bibi, kwetu ng'ombe ni mama. Nimkaushe mama yangu?"

"Basi hiyo Om ni kitu gani?"

Alieleza taratibu. Ndani ya sauti moja mna tatu: A, U, M. Ya kwanza ni dunia kuanza, ya pili ni kudumu, ya tatu ni kwisha. "Halafu kimya. Hicho kimya ndicho kikubwa. Mungu yuko hapo."

"Na mvua iko kwenye ipi?" Bibi aliuliza. Pamba ilikuwa imeanza kunyauka.

"Hilo sijui. Twende nimwone ng'ombe."

Alifunga duka, akaja zizini, akakanyaga samadi bila kuijali sari yake. Aliweka kiganja shingoni mwa ng'ombe, akavuma ile Om yake. Ng'ombe akalegeza masikio. Bibi, chini kwenye kiwele, akasahau kubana midomo. Akavuma naye, mvumo wake ule wa kukamulia. Maziwa yakaanza kulia kibuyuni.

"Kumbe wewe ni Mhindi," Bibi alimwambia ng'ombe, na wanawake wale wakacheka hadi mnyama akageuka kuwatazama.

Tangu hapo Bibi aliugeuza mwiko. Tukipiga kelele karibu na dirisha la Mama Jyoti asubuhi, alitufukuza, tusije tukakausha maziwa.

Nilielewa baada ya kufundisha watoto miaka mingi. Ng'ombe alikosa mvumo aliouzoea, basi. Onyo la Bibi lilitimizwa na hofu yetu wenyewe. Sikumwambia, alikuwa na furaha na mwiko wake mpya, nao haukumdhuru mtu.

Lakini Mama Jyoti angeweza kuudhika siku ile, akatufukuza mbele ya wateja. Ningekua nikiamini kwamba sala ya jirani ni uchawi, na ningewafundisha wengine hivyo.