Neno la Kila Asubuhi
Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, mume huketi ukingoni mwa kitanda na simu, akicheza mchezo wa kubahatisha neno la Kiingereza lenye herufi tano. Hukuna kidevu, hunong'ona, na kidole gumba chake kinene hugusa kioo taratibu kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Visanduku vya herufi vikigeuka kijani, ishara kwamba amepatia, hutabasamu. Tabasamu hilo mkewe hajalionja miaka mingi. Ni la mwanamke mmoja wa ofisini kwake, ambaye humtumia jibu naye akarudisha lake, wakacheka wote wawili, kila mmoja kwake. Siku moja mke aliomba, "Nifundishe na mimi."

"Mama watoto, hata kusoma hujui, utaanzia wapi?" alimjibu kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma.

Sasa yule wa ofisini amehama, na hajibu tena. Leo mume amekaa na simu mpaka chai ikaletwa, kisha akamgeuzia mkewe kioo.

"Hebu kaa hapa, nikufundishe."

Mke alikitazama kile kidole gumba. Akaweka kikombe juu ya stuli.

"Chai yako hiyo, baba watoto. Itapoa."

Akatoka kwenda kufagia uani, na huko akalia, maana bado alitamani kufundishwa.