Nyasi Zilizosimama Mwezi wa Tisa

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mhuri, chupa ya wino wa zambarau na onyo. Onyo lilitoka kwa Bwana Nyama. Ndivyo watu wa Geita walivyomwita ofisa aliyesimamia wanyama wa porini, Mwingereza mrefu aliyejifunza Kiswahili chote isipokuwa neno tafadhali.

"Karani," aliniambia, "kila atakayeingia mlango huu ni mwongo. Atasema amepiga swala mmoja, kumbe watatu. Atasema baruti imelowa, kumbe ameiuza. Kazi yako si kuandika. Kazi yako ni kutoamini."

Miaka ya arobaini ilikuwa inakatika. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu huko Uganda, nimesoma jiografia, nina viatu vyeusi vya kufunga kwa kamba. Kwetu ni Bukoba, kwenye migomba. Kongoni nilimjua kwa picha. Lakini kutoamini nilikuwa na kipaji nacho, na baada ya mwaka mmoja Bwana Nyama alinisifu mbele ya wageni kwamba karani wake hamwamini hata mama yake. Nilifurahi sana. Nawaambia haya, vijana, mjue ni mtu wa namna gani anayewasimulia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Waafrika wengi waliokuwa na bunduki walikuwa na gobore, yaani bunduki ya kushindilia kwa mdomo: unamimina baruti, unashindilia kitambaa au nyuzi za mkonge, unatia risasi, unashindilia tena. Kila gobore lilikuwa na namba, na kila namba ilikuwa na leseni, na leseni ilitaja wanyama ambao mwenyewe ameruhusiwa kuwapiga. Aliyetaka kuwinda nje ya wilaya yake alihitaji karatasi ya pili, tuliyoiita mpango wa mawindo: njia atakayopita, siku atakazokaa, na mahali atakapowinda kwenye ardhi ya wazi ya serikali. Akipiga mnyama nje ya mahali palipotajwa, au akiharibu mali ya watu, bunduki inachukuliwa na kuvunjwa kwa nyundo. Mpango huo aliuandika karani.

Kwa miaka miwili hakuna aliyeuomba. Kisha akaja Fundi Ramadhani.

Alikuwa Msumbwa wa Masumbwe, fundi wa miti ya shimoni kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita, mmoja wa wale waliokata magogo na kuyasimamisha ili mwamba usiwaangukie wenzao. Alisimama mbele ya meza yangu na gobore limefungwa katika gunia.

"Shikamoo, bwana karani."

Alinizidi umri kwa miaka kumi, na mimi ndiye niliyeitikia marahaba. Ofisi ina aibu zake.

"Hii ni ya marehemu baba," alisema. "Nataka kumsomea hitima, na nyama ya hitima itoke kwenye bunduki yake mwenyewe. Huku mapori yanayozunguka mgodi yameisha wanyama. Nataka kongoni mmoja tu, kule Shinyanga, upande wa Kishapu."

"Mmoja tu?"

"Mmoja."

Nikaandika kwenye daftari: anasema mmoja. Hitima nilikuwa nimeisikia, lakini nilichokiona mimi ni mgodi uliojaa wanaume wenye hamu ya nyama, na mtu mwenye bunduki anayetaka kwenda mbali. Nikamwendea Bwana Nyama, nikamwambia mpango huu ni wa kwanza, ni vizuri nifuatane na mwombaji. Akakubali haraka kuliko nilivyotazamia. Nadhani naye alikuwa na shaka nami.

Nilitandaza ramani. Kati ya lambo moja na kilima kimoja, mashariki ya Kishapu, palikuwa peupe kabisa: hakuna kijiji, hakuna shamba. Nikapiga msalaba kwa wino, nikaandika mahali hapo kwenye mpango, nikagonga mhuri.

Tulipanda lori la mizigo, baiskeli mbili juu ya magunia. Baada ya Masumbwe tulisimamishwa kwenye kizuizi cha mbung'o, mahali ambapo mlinzi mwenye wavu mdogo aliwasaka wale inzi ili wasisafiri nasi kutoka porini hadi kwenye nchi ya ng'ombe. Alimzunguka kila abiria, akachungulia hata chini ya kofia yangu. Nilimcheka moyoni: mtu mzima anawinda inzi kwenye migongo ya watu!

Tulishuka Ibadakuli, karibu na mji wa Shinyanga, tukaendesha baiskeli siku mbili. Ulikuwa mwezi wa tisa na nchi ilikuwa imebaki mavumbi na mizizi. Mimi niliandika kila kitu: kongoni wangapi, lambo liko wapi, makundi ya ng'ombe tuliyopaswa kuyakwepa. Tulipofika juu ya mwinuko niliona nilichokitafuta. Kati ya lambo na kilima palikuwa na majani marefu ya manjano, yamesimama mpaka kiunoni, na katikati yake masikio ya kongoni.

"Pale," nikasema. "Kama ramani ilivyosema."

Fundi Ramadhani hakushuka kwenye baiskeli.

"Bwana karani, pale tusiende. Nyasi zilizosimama mwezi wa tisa zina mwenyewe. Ile ni ngitili. Wasukuma wanaifunga tangu masika, hachungi mtu, wanawawekea ndama na maksai wakati wa njaa. Twende ng'ambo ya kilima."

"Ramani inasema ni wazi. Uzio uko wapi?"

"Uzio ni watu kujua."

Uzio ni watu kujua! Mimi niliyesoma jiografia nikaona nimemnasa. Ng'ambo ya kilima kulikuwa na nini hata anataka tuende huko? Nikaandika maneno machache, nikafunga daftari.

"Mpango umetaja hapa," nikamwambia. "Ukipiga kwingine, bunduki inavunjwa. Ukikataa, tunarudi Geita bila nyama."

Akashuka kwenye baiskeli. Kisha akashindilia baruti.

Alipiga vizuri. Kongoni alianguka palepale, na Fundi akakimbia na kisu akawahi kumchinja. Lakini nyuzi za mkonge zilizoshindiliwa hutoka mdomoni mwa gobore zikiwa na moto. Kwenye majani mabichi si kitu. Tulipogeuka, nyuma yetu palikuwa pakiungua.

Tulipiga moto kwa matawi, mimi kwa koti langu. Watu walikuja kutoka pande ambazo ramani ilikuwa imeacha peupe, wanaume kwa wanawake, wengi ajabu. Ulipozimwa, karibu robo ya ngitili ilikuwa majivu.

Mwanangwa, mkuu wa kijiji, alitukalisha chini mbele ya wazee. Nikajaribu salamu yangu moja ya Kisukuma: "Mwangaluka." Ilikuwa saa tisa alasiri, na hiyo ni salamu ya asubuhi.

Alichukua daftari langu, akampa kijana wa mahakama aliyejua kusoma alitazame.

"Kuna ng'ombe humu," kijana akasema. "Zimeandikwa."

Kukawa na mngurumo. Wakati ule serikali iliwataka wafugaji wapunguze mifugo, na mtu mwenye viatu vya kamba anayeandika ng'ombe hakuwa na maelezo yoyote duniani.

"Kumbe kongoni ni kisingizio," mwanangwa alisema. "Umetumwa kuhesabu ng'ombe zetu, halafu unachoma chakula chao ili tuziuze. Na wewe, mwenye bunduki, nani kakuonyesha njia ya kuingia ngitilini?"

Hapo ndipo pangekuwa mahali pangu pa kusema. Niliangalia viatu vyangu.

"Bunduki ni yangu," alisema Fundi Ramadhani. "Moto umetoka kwenye bunduki yangu. Nisameheni, banamhala," akiwaita wazee kwa Kisukuma.

Nyama ya kongoni walipewa waliozima moto, na ilikuwa haki yao. Daftari lilizuiwa kama ushahidi. Bunduki ilipelekwa na tarishi mpaka mezani kwa Bwana Nyama, na mimi nikaamriwa kuandika ripoti kabla haijapigwa nyundo.

Niliandika ya kwanza: mwombaji alizembea. Nikaichana. Nikaandika ya pili, iliyolaumu upepo. Ya tatu ilikuwa fupi: mahali palichaguliwa na karani, mwombaji alionya, karani alimlazimisha.

Bwana Nyama aliisoma akacheka.

"Amekupa paja au mgongo?"

"Nyama yote ilichukuliwa, Bwana."

"Basi amekuahidi. Karani, mimi ndiye niliyekufundisha. Una ushahidi?"

Ushahidi ulikuwa kwenye daftari, na daftari lilikuwa kwa mwanangwa. Akanipa wiki mbili.

Nilimweleza Fundi Ramadhani kwamba narudi Kishapu. Akaenda kwa msimamizi wake kuomba ruhusa.

"Nakuja nawe," alisema. "Safari hii mimi ndiye ninayekushuku."

Mwanangwa hakukataa kunipa daftari. Alisema tu kwamba, kama kweli si la ng'ombe, nilisome lote kwa sauti, mbele ya watu wote, na kijana wa mahakama asimame begani kwangu aone kama naruka. Nikasoma. Kongoni kumi na wawili, mashariki. Ng'ombe wengi lamboni, tupite mbali. Nyasi ndefu kati ya lambo na kilima, hapa ndipo. Nikataka kulifunga.

"Kuna mistari mingine," kijana akasema.

Nikasoma: "Fundi R. anasema tusiende hapo. Ana sababu zake. Huenda ana wanunuzi wa nyama ng'ambo ya kilima. Nisimwache hata hatua moja."

Bibi mmoja aliyeketi nyuma akauliza, "Wanunuzi gani huko? Fisi?"

Baraza zima likacheka, na sijawahi kufurahia kuchekwa kama siku ile. Mwanangwa akatia alama ya dole gumba chini ya ukurasa kuthibitisha, akanirudishia daftari. Fundi Ramadhani hakucheka. Hakusema neno siku mbili za baiskeli, mpaka tulipoiona Ibadakuli.

"Hata hatua moja," akasema. "Ndiyo maana ulikuwa unanifuata mpaka vichakani."

Bwana Nyama alisoma ukurasa ule mara mbili, akainusa alama ya dole gumba, akarudisha bunduki. Mimi alinihamishia kwenye kizuizi cha mbung'o, ambako kwa miaka miwili nilichungulia chini ya kofia za watu nikiwa na wavu mkononi. Kiangazi kilichofuata Fundi Ramadhani alipita pale na barua ya Bwana Nyama iliyoniruhusu nimwandikie mpango. Alinitajia mahali, nikaandika bila kufungua ramani. Hitima ilisomwa. Nilialikwa, nikala.

Baadaye nilitumika chini ya mabwana nyama wengine wawili, kisha chini ya maofisa wenzetu baada ya uhuru. Kila mmoja siku ya kwanza alinionya kuhusu waongo. Niliitikia ndiyo, kisha nikawauliza waombaji swali ambalo halikuwa kwenye fomu: pale unapokwenda, nani anapajua?

Siku niliyostaafu, Fundi Ramadhani alikuja kwangu, mzee sasa, na furushi la nyama iliyokaushwa. Mke wangu alilipokea kwa mikono miwili, akanikazia macho ili nishukuru tu, nisiulize kitu. Nikashukuru.

Fundi akatabasamu, akafungua furushi. Juu kabisa, imekunjwa vizuri, namba ikitazama juu, ilikuwa leseni ya gobore lake.

"Nilijua una sababu zako," alisema.

Nikavaa miwani nikaisoma. Mhuri ulikuwa sawa.