Kisakinishi Kilichojibu Ndiyo

Ninyi mnaoniita mtaalamu, naomba mniache kidogo, maana tangu siku ile ya mjini Moi's Bridge nikisikia neno hilo masikio yanapata moto.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Ghala moja la nafaka lilitumia programu niliyoandika mwenyewe ya kusoma mizani (kioo cha mizani kiliharibika zamani, kwa hivyo uzito ulionekana kwenye komputa peke yake), nami nikataka kuwaongezea programu ya kuchapa risiti nzuri. Nikaandika kisakinishi, yaani kiprogramu cha kuweka programu nyingine mahali pake, na kwa kuwa sikutaka Mama Chela, karani wa mizani, asumbuliwe na maswali, nikakiagiza kijibu "ndiyo" kwa lolote ambalo mfumo wa komputa ungeuliza. Nilikijaribu nyumbani Kimumu kikafanya kazi vizuri, maana komputa yangu ilikuwa na kila kifurushi kilichohitajika, yaani vile vipande ambavyo programu huvitegemea ili ifanye kazi (jambo ambalo mtu mwangalifu kama mimi hakujiuliza).

Nilifika wakati wa mavuno, trela zimepanga foleni hadi barabarani.

"Fundi, si tungoje jioni?" Mama Chela akasema. "Ona hiyo wingu."

"Mama, bonyeza mara moja tu, halafu enda ukunywe chai."

Nikatoka hata nje nikamwambia Mzee Kirwa, ambaye trela yake ilikuwa tayari juu ya mizani, afunue turubai watu wa ghala wachukue sampuli, tunaanza sasa hivi. Akafunua. Mahindi makavu, yanang'aa. "Hii ni karo ya msichana wangu," akaniambia akitabasamu.

Ndani, Mama Chela akabonyeza. Kumbe risiti zangu zilihitaji kifurushi kipya cha mfumo, ambacho hakipatani na kile cha zamani kilichotegemewa na programu ya mizani. Mfumo ukauliza kwa adabu: ili niweke hiki lazima niondoe kile, pamoja na programu ya mizani; niendelee? Kisakinishi changu kikajibu ndiyo. Kipya nilikuwa nimekibeba kwenye flashi. Cha zamani sikuwa nacho, ilibidi kitoke kwenye mtandao, na mtandao siku hiyo ulikuwa unakuja na kwenda.

Wakulima wakajaa dirishani.

"Fundi, imekufa ama imelala?"

"Wacha aombe kwanza, huyu ni mtu wa kanisa."

"Kwani hapo mbele kuna matanga?"

Hata hivyo walinipa simu zao niunganishe mtandao, moja baada ya nyingine, nami nikakaa nikitazama kile kimstari cha kupakua kikisonga kidogo, kikisimama, kikirudi mwanzo, mpaka nikasikia mabati yakigongwa na matone na watu wote dirishani wakatawanyika kwa mbio. Mzee Kirwa na mkewe walivuta turubai, upepo ukawanyang'anya, wakalivuta tena. Nilitoka kuwasaidia. Maji yalikuwa yameshaingia.

Mizani ilirudi baada ya mvua kuisha. Mama Chela akatumbukiza kipima unyevu kwenye yale mahindi, akakitazama, akajaribu upande wa pili, kisha akatikisa kichwa bila kuniangalia. Ghala lisingeyapokea.

Mzee Kirwa hakupiga kelele (heri angepiga). Aliuliza tu, "Fundi, hii kitu haikukuuliza kabla ya kutoa hiyo ingine?"

"Iliuliza, Mzee. Nilikuwa nimeshaijibu nikiwa nyumbani."

Akawasha trekta, akageuza.

Siku hizi kisakinishi changu hukagua kwanza kabla ya kugusa chochote. Kikikosa kifurushi hukitaja kwa jina, hueleza kitakachoondolewa na ni nani anayekitegemea, kisha husimama kikimsubiri mtu aliye pale. Watu hulalamika kwamba kinauliza maswali mengi. Nawaacha walalamike. Sitamjibia mtu tena nikiwa Kimumu, wakati mahindi yake yako wazi chini ya wingu ambalo mimi silioni.