Mwigizaji Bora wa Kike

Hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Jicho, kwa sababu kwa miaka kumi na minne alikuwa mpiga video wa harusi, na watu walisema hakuna chozi la bibi harusi lililowahi kudondoka yeye asilidake. Alijua mama wa bwana harusi ataanza kutetemeka mdomo dakika gani. Alijua shangazi yupi analia kwa uchungu na yupi analia kwa sababu kamera imemgeukia. Kazi ilimlisha vizuri. Lakini video ya harusi ikishatazamwa mara mbili huwekwa kabatini, na Jicho, mwenye miaka arobaini na mmoja, alianza kuona kwamba maisha yake yote yamo makabatini mwa watu. Alitamani kutengeneza filamu, hata moja tu, ambayo mtu asiyemjua bibi harusi angekaa akaitazama hadi mwisho.

Chumba chake cha kuhariria kilikuwa nyuma ya duka la dada yake. Dada huyo alimzidi miaka kumi na mmoja, na mama yao alipofariki ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamnunulia kamera ya kwanza. Alikuwa dobi, na mtaa mzima ulimwita Dada Pasi. Kati ya duka na chumba cha Jicho palikuwa na dirisha dogo la kioo ambalo mpangaji wa zamani alilitoboa ukutani kwa sababu anazozijua mwenyewe. Dada Pasi aliligeuzia mgongo dirisha hilo, asilijali.

Kila alasiri, wateja wakipungua, Dada Pasi alikuwa na jambo lake. Aliiweka simu kwenye ncha ya meza ya kupigia pasi, akabonyeza kitufe cha kurekodi ujumbe wa sauti, akaanza kuzungumza na binti yake. Binti huyo, mtoto wake wa pekee, alikuwa ameondoka nyumbani miaka mitatu nyuma. Mama hakumtaka mchumba aliyemleta, na siku ya kujulishana alitamka mbele za watu: "Siku utakayoolewa na huyu, usiniite mama tena." Binti akaolewa, na neno la mama akalishika kama lilivyo. Hakupiga simu tena.

Basi Dada Pasi alikuwa akiongea huku pasi inapita juu ya kola ya shati la mtu. "Mwanangu, hujambo? Mimi mzima. Leo nimeletewa suti ya mtu mnene kweli, ungeiona ungecheka…" Akimaliza, aliusikiliza ujumbe wake kichwa kikiwa upande, akasonya, akaufuta. Akaanza tena. Mara nne, mara tano. Hakuna hata mmoja alioutuma.

Siku ya kwanza Jicho aliliona jambo hilo kwa bahati. Alikuwa amenunua lenzi mpya, anaijaribu, akaielekeza dirishani. Siku ya pili haikuwa bahati tena. Alirekodi kwa wiki tano, na kinasa sauti kidogo akakificha nyuma ya kopo la wanga. Alipomaliza kuhariri alikuwa na dakika kumi na moja zenye mgongo wa mwanamke, mkono wenye kidole kilichoungua, mvuke, na sauti inayoanza upya kila mara. Filamu akaiita *Futa*. Aliitazama peke yake, akalia, na papo hapo akajua mambo mawili: kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kama ile, na kwamba haikuwa haki yake kuifanya.

"Nitamwambia," alijiambia. Kesho ikawa keshokutwa, na keshokutwa ikazaa wiki.

Mwezi huo tamasha moja huru la filamu lilianza kupokea kazi. Halikuwa la makampuni makubwa. Lilikuwa la watu wanaopiga picha kwa fedha za mfukoni na kuonyesha kazi zao katika ukumbi wa zamani wa sinema wenye viti vilivyochanika. Jicho alifungua fomu kwenye kompyuta. Vipengele vya mashindano vilikuwa vitano: filamu ndefu ya kubuni, filamu fupi ya kubuni, filamu ya makala, katuni, na kazi ya mwanafunzi. Hakuhitaji kufikiri. Akabonyeza makala, maana makala ndiyo filamu ya watu halisi na mambo yaliyotokea kweli. Ukurasa uliofuata ukamtaka aambatishe idhini ya maandishi, iliyosainiwa na kila mtu anayeonekana au kusikika.

Alikaa akiutazama ukurasa ule. Upande wa pili wa ukuta alimsikia dada yake akinyunyizia nguo maji na kumtania mteja. Ilikuwa ni kuinuka tu, hatua tisa, karatasi moja na kalamu. Akauwaza uso wa dada yake akisoma karatasi hiyo, asiinuke.

Akarudi ukurasa wa nyuma. Akabonyeza filamu fupi ya kubuni. Huko hawakudai idhini ya mtu. Waliuliza majina tu. Mwongozaji: akaandika jina lake. Mwandishi wa hadithi: akaandika jina lake. Mwigizaji mkuu: hapo vidole vilisita, kisha vikaandika jina la dada yake. Akatuma.

Walikuwa wakila pamoja mchana, dukani, sahani juu ya kiti. Kuanzia siku hiyo Jicho alikula akitazama sakafu.

"We mtoto unaumwa?" Dada Pasi akamuuliza.

"Hapana, dada. Kazi zimezidi."

"Kazi gani inayomzuia mtu kuwatazama wenzake usoni? Sema tu. Umempa mtu mimba?"

Akacheka mwenyewe hadi akakohoa. Jicho naye akacheka, cheko la kuazima. Usiku wala mchana hakuwa na raha. Wema wa dada ulimchoma kuliko matusi. Kila alipopewa shati lake limenyooshwa bila kuomba, aliona afadhali angezabwa kofi.

Siku ya maonyesho alimwambia dada yake ana harusi. Alikaa safu ya mwisho. Filamu ilipoanza watu walikuwa bado wananong'ona. Ilipofika dakika ya tatu ukumbi ulikuwa kimya kabisa, na ilipokwisha mtu fulani gizani alipenga kamasi. Tuzo zikaanza kutolewa. Kwenye filamu fupi bora Jicho hakupata kitu, akashusha pumzi, karibu ashukuru. Kisha mwenyekiti wa majaji, mama wa makamo aliyezeekea jukwaani, akashika kipaza sauti.

"Mwigizaji bora wa kike," alisema. "Nimeigiza miaka thelathini. Sijawahi kuona mtu akiyaonea haya maneno yake mwenyewe kwa namna ile. Yule mama anaijua kazi." Akataja filamu ya *Futa*, akalitaja jina la Dada Pasi.

Ukumbi ukasimama kupiga makofi. Jicho alipanda jukwaani. "Hakuweza kufika," ndiyo yote aliyoyasema. Aliporudi, msichana mmoja mwigizaji aliyekuwa akishindania tuzo hiyohiyo alimshika mkono kwa mikono yote miwili. "Mfikishie pongezi zangu. Mimi nimefanya mazoezi miezi sita, lakini mama yule kaniacha mbali." Macho yake yalikuwa mekundu, naye alikuwa akitabasamu kwa moyo mweupe. Jicho alitamani ardhi ipasuke immeze.

Asubuhi ya Jumatatu mratibu wa tamasha alimpigia simu. Walitaka kuweka kipande cha filamu mtandaoni saa nane mchana, kila mtu akione. Jicho akamwomba asubiri. Akajikaza kisabuni, akaichukua tuzo, kipande cha kioo chenye maandishi, akaingia dukani na kuiweka juu ya meza ya pasi.

"Ni nini hii?" Dada Pasi akasoma jina lake kwenye kioo. "Mbona jina langu?"

Akamwambia yote: dirisha, kinasa sauti, wiki tano, fomu. Dada Pasi hakupandisha sauti. Alichomoa waya wa pasi ukutani, akafuta mikono. "Nionyeshe," alisema.

Aliitazama amesimama, dakika kumi na moja, akikataa kukaa kwenye kiti cha Jicho.

"Umenichungulia," alisema ilipokwisha. "Hilo linaniuma, lakini wewe ni mdogo wangu, nimekuogesha, na wewe umeniona nikilia kabla ya leo. Linaloniua ni hili neno." Akagusa kioo cha tuzo alichokuja nacho. "Mwigizaji. Mtoto wangu siku akiiona hii atasema nini? Atasema, kumbe mama alikuwa anaigiza. Kitu changu pekee cha kweli, ukakiandika kuwa ni cha kubuni. Tena kubuni umebuni wewe."

Jicho hakuwa amelifikiria hilo. Katika hatia zote alizojihesabia, hiyo haikuwamo, nayo ndiyo ilikuwa kubwa kuliko zote. Akapiga magoti.

"Inuka, utachafua suruali, na leo sikupigii pasi mimi," alisema Dada Pasi. "Wapigie hao watu wako. Hapa hapa, nisikie."

Akampigia mratibu mbele ya dada yake. Alimweleza bila kupamba: kwamba haikuwa filamu ya kubuni, kwamba mama yule hakuigiza, hakuulizwa, hakujua. Mratibu akasema kwa ukali wa mtu aliyevunjwa moyo, "Ungetuandikia tu kwamba huna idhini, kaka. Tungekwambia kaiombe."

Ikawa hivyo. Tamasha lilitoa tangazo fupi, tuzo ikaenda kwa yule msichana, na Jicho akafungiwa kuleta kazi kwa miaka miwili. Kioo alikirudisha mwenyewe kwa waandaaji, kwa mkono. Habari zina miguu: harusi mbili zilimkimbia, mwenye moja akimwambia waziwazi kwamba hataki mtu wa kuvizia watu. Jicho hakujitetea. Filamu aliiweka kwenye diski moja, akamkabidhi dada yake, akafuta nakala zake zote.

Wiki tatu Dada Pasi hakumsemesha zaidi ya "pisha" na "funga mlango". Siku moja alimwita.

"Ile sinema yako," alisema, "dakika zote zile, ulinisikia hata mara moja nikimwambia yule mtoto anisamehe?"

Jicho akafikiri. Aliijua kila sentensi kwa moyo. "Hapana, dada."

"Hata mimi sikusikia. Nilisikia suti za watu wanene." Akavua aproni. "Nafunga duka siku mbili."

Akasafiri kwenda kwa binti yake bila kumtaarifu. Wale waliojua kisa walianza kumwambia Jicho, si unaona, kumbe ulifanya jambo jema. Yeye alikataa katakata. Mwizi akiiba kapu lako, alisema, halafu ndani ya kapu akutwe nyoka ambaye angekuuma wewe, bado ni mwizi; na shukrani za kukuepusha na nyoka si zake.

Dada Pasi alirudi siku ya tatu, mchana, macho yamevimba na mkoba umejaa. Jicho alikuwa amefagia duka na kupanga nguo za wateja. Akampokea mkoba.

"Amesemaje?" aliuliza.

Dada Pasi alimtazama, si kwa chuki.

"Hayo si ya kwako, mdogo wangu."

"Ndiyo, dada," alisema Jicho, akaenda kufungua mlango wa mbele, maana mteja alikuwa amekwisha fika na furushi la mashati.