Ardo na Samaki wa Tana

Ardo alizaliwa upande wa Kotile, katika ukoo wa wafugaji wa Kisomali wasiogusa samaki. Mama yake alimwambia samaki ni binamu ya nyoka, na mdomo uliomla hunuka maisha yote. Ardo hakuuliza. Mbuzi walikuwapo, maziwa yalikuwapo. Habari za samaki zilimhusu nini?

Mwaka 1966 vita vya serikali na waasi waliotaka kujitenga vilikuwa vimepamba moto. Askari waliwahamishia watu katika kijiji kilichozungushiwa senyenge karibu na Garissa. Mbuzi wa Ardo walichukuliwa njiani. Akabaki mjane mwenye mabinti wawili, mgao wa unga, na mto Tana ukipita hapo chini.

Jirani yake, Arbia, alikuwa mtu wa mtoni, wa jamii ya wavuvi. Kila alipokaanga kambale, wale mabinti walisogea polepole kama paka. Siku moja Ardo akawakuta wanalamba vidole.

Hakuwapiga. Alijitanda shuka akaenda kwa Maalim Bare, aliyesomesha watoto Kurani pale kijijini.

"Maalim, samaki ni haramu?"

"La. Halali kabisa."

"Sasa nani alitukataza?"

Maalim akakuna ndevu. "Nyanya zetu. Hata mimi sili."

"Kwa nini?"

"Nyanya yangu alikuwa mkali, walaahi."

Ardo alicheka njia nzima. Akaketi na Arbia, akafumba macho, akatia mnofu mdomoni. Mwiba ukamkwama, akakohoa mpaka machozi. Kipande cha pili alikila macho wazi. Cha tatu alikiomba.

Olow, kaka wa marehemu mumewe, alikuja juu. "Umetuaibisha! Nani atakunywa maziwa nyumbani kwako tena?"

"Maziwa gani, shemeji?"

Olow akatazama huku na huku. Hapakuwa na hata mbuzi mmoja. Akaketi.

"Swala sijaacha, na wazee nawaheshimu," Ardo akamwambia. "Lakini hili nimelichunguza mwenyewe, nikaona ni woga tu."

Vita vilipokwisha hakurudi Kotile. Alifungua kibanda cha samaki mjini. Kwanza walikuja makarani na walimu kutoka bara. Wasomali wenzake wakaanza kupitia nyuma, wamejifunika uso, kisha wakazoea mlango wa mbele.

Olow hakuonja hata siku moja, wala Ardo hakumsumbua. Alimpikia maharagwe katika sufuria yake peke yake, wakala pamoja kila mtu na chake, wakibishana kuhusu mvua.