Jina Lililojulikana na Wote

Nimetembea nchi nyingi, ila kunyamaza sikujifunza katika hata moja. Juzi niliingia ofisi ya wanunuzi wa korosho mjini Lindi, moja ya hizi zilizoota tangu biashara iachiwe huru, nikamwita karani wao "Mama" na jina la bintiye, kama zamani, nikauliza binti hajambo. Ofisi nzima ikainamia meza. Binti alifariki masika yaliyopita, na tangu hapo wenzake, kwa huruma, humwita "dada" tu.

Nikajificha nyuma ya fundi wa kompyuta. Alikuwa akifunga mitambo miwili ya kutunzia kumbukumbu za wakulima, mmoja ukizima mwingine ushike kazi, na sasa alikuwa akiziba mianya ya wezi.

"Nenosiri kuu nani analijua?"

"Sote," akajibu mhasibu taratibu. "Ni jina la marehemu, binti wa dada."

"Basi halifai. Leo linabadilishwa."

Karani akaweka kiganja juu ya kibodi. "Liache, baba. Siku hizi hakuna anayelitaja mbele yangu. Asubuhi tu, wakiwasha mashine, nasikia wakikumbushana."

"Pole, mama. Lakini kinachojulikana na wote ni mlango wazi."

Tunadhani kunyamaza ni kumpunguzia mtu msiba. Mimi, mpatanishi nisiyeitwa, nikadakia: "Ongezeni namba mwishoni, liwe gumu."

Akaondoa kiganja.

"Mwanangu hakuwa na namba," akasema. "Badilisha."