Kiti cha Nyuma

Sufuria yangu ndogo kuliko zote hupiga mluzi. Maji yakichemka, mvuke hutoroka chini ya mfuniko kwa sauti nyembamba, fyuuu, nami husimama na mwiko mkononi, nina miaka kumi na mmoja tena, nimekaa ndani ya ndege ya jeshi kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya Kinjumbi.

Ndiyo, ndege. Msicheke. Ilikuwa ndege ya kufundishia marubani wapya, yenye pangaboi moja puani. Mjomba Issa, kaka yake mama, alikuwa fundi wa injini jeshini, na alinisimulia habari zake kama mtu anayesimulia ukoo wake. Ilitoka China ndani ya makasha, kwa meli. Vijana waliokuja kurusha ndege za kivita walianzia humo, na wengi walitapika humo. Injini yake ilikuwa na silinda tisa zilizopangwa duara kama petali za alizeti, na iliamshwa kwa hewa iliyoshindiliwa: fyuuu, kisha mngurumo. Ilizeeka ikifundisha, hadi siku moja oili ilipoiishia angani ikatua kwenye uwanda wetu bila kumuumiza mtu. Mjomba ndiye aliyetumwa kuing'oa injini, kwa kuwa kwao ni hapo. Gari la kubeba kiwiliwili halikuja kamwe. Alipostaafu alirudi kijijini, akajifanya mlinzi wake.

Alasiri, baada ya madrasa, alinikalisha kiti cha mbele, cha mwanafunzi, naye akasimama juu ya bawa akinuka grisi na ugoro. Kiti cha nyuma kilikuwa cha mwalimu. Hicho sikuruhusiwa hata kukigusa. Kila kiti kilikuwa na usukani wake, na sukani hizo mbili ziliunganishwa chini kwa chini. Nikivuta wangu, wa nyuma nao ulisogea peke yake, kama umeshikwa na jini.

"Nani anaendesha, Somoe?"

"Mimi!"

"Una hakika?"

"Kiti cha nyuma hakina mtu, Mjomba!"

Alicheka hadi akakohoa. Kisha alisema neno lake la kila siku: "Ndege haidanganywi. Ukiidanganya, inakuangusha."

Wavulana waliniita rubani wa kuku. Sikujali. Nilikuwa na ndege, wao walikuwa na manati.

Mwaka ule ikafika zamu yangu ya kuingia unyago. Niligoma. Nilijificha nyuma ya ghala la korosho, nikamwuma shangazi aliyekuja kunitoa. Bibi akamtuma Mjomba. Alichuchumaa mbele yangu, akaniambia polepole, "Ingia, mama. Ukitoka utakuwa mkubwa. Siku hiyohiyo nitakupandisha kiti cha nyuma."

Niliingia siku hiyo kwa miguu yangu mwenyewe.

Kule ndani nilifundishwa mengi, lakini kila nilipolala nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma. Siku ya kutolewa nilipakwa mafuta, nikavikwa khanga mpya, nikaketishwa mkekani. Mwali siku hiyo huinamisha macho na hasemi neno, hata aumwe na siafu. Zawadi zikashuka: khanga, sabuni, beseni. Kisha nikaona miguu ya Mjomba, na mbele yake sufuria sita zilizopangwa moja juu ya nyingine, nyeupe, nzito, bado zikinuka moto wa kalibu, tanuri la kuyeyushia madini.

Akainama sikioni mwangu, sauti ikitetemeka kwa furaha. "Rubani gani haijui ndege yake?"

Machozi yakanidondoka. Vigelegele vikapanda. "Mwali huyo! Anajua kulia!" akina mama wakasifu. Mimi nilikuwa nimefungwa mdomo na mila, na mwenye zawadi akapeana mikono na watu.

Siku ya tatu nilipopata ruhusa ya kusema, nilimwendea. "Mjomba, uliniahidi."

"Wa vyuma chakavu wangeichukua bure," alisema, bila kunitazama. "Na wewe sasa ni mtu mzima, Somoe. Mtu mzima anahitaji sufuria."

Kwa miaka nilijilazimisha kuamini hivyo: kwamba aliokoa alichoweza. Hata nilipohamia Dar nilizibeba zote sita. Kisha mwaka jana, tukichambua mchele, mama akasema kama anayetaja hali ya hewa kwamba fundi wa kusubu sufuria kutoka Nangurukuru alikuja kupima yale mabawa ya ndege kabla ya Ramadhani ya mwaka ule. Nami niliitwa unyagoni baada ya Idi. Mjomba alipochuchumaa nyuma ya ghala, akaniita mama, sufuria zilikwisha kuagizwa.

Nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono miwili, nikiona uwanda wote mbele yangu, nikijiona ninapaa. Na kiti cha nyuma, miaka yote ile, nilidhani hakina mtu.